Maharage Si Siri ya Jeshi: Jinsi ya Kupima Ukomavu wa Usimamizi wa Mikataba

Gunia la dagaa likipakiwa Mwigobero, Musoma, alfajiri kwenda kambini, halibebi mkataba mgongoni. Linakutana na dereva, na mlinzi wa getini, na mtu wa stoo anayelipima kama mzani ni mzima siku hiyo. Mkataba wenyewe umelala kwenye jalada, pengine jengo lingine, pengine mkoa mwingine kabisa. Umbali ulioko kati ya gunia na jalada ndio tunaokwenda kuupima.

Nimewaandikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe uliye ndani: afisa ugavi, mhasibu, mtunza stoo, mkaguzi wa ndani, au mkuu wa kikosi unayetaka kujua kama mikataba yako inasimamiwa au inajiendea tu. Wa pili ni wewe mzabuni wa Mwisenge, Bunda au Butiama unayetaka kuuza chakula, kuni, au kupaka rangi mabweni, na hujaamua kama ukope fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Karatasi mtakazozitazama ni zilezile. Tofauti ni kwamba mmoja anazitazama kwa ndani na mwenzake anachungulia dirishani.

Kiswahili chetu kimelitanua neno jeshi, na hapa nalitumia hivyohivyo. Kuna JWTZ na JKT, kisha Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wote wana amri, vyeo na sare, na wote hununua unga.

Kwa nini upime

Watu wengi wakisikia matatizo ya mikataba hukimbilia zabuni: nani alishinda, nani alipendelewa. Zabuni ina kelele kwa sababu ina washindani, na aliyeshindwa hupiga yowe. Mkataba ukishasainiwa wapiga yowe wanaondoka. Wanabaki watu wawili tu, mnunuzi na muuzaji, na kama wote wawili wamelala au wameelewana vibaya, hakuna wa kumwamsha mwenzake.

Tazama mkataba wa Jeshi la Polisi na kampuni ya Lugumi wa mwaka 2011. Thamani yake ilikuwa karibu shilingi bilioni 37, kazi ni kufunga mitambo ya kutambua alama za vidole katika vituo 108. Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, alipokagua alikuta karibu fedha zote zimelipwa na mitambo imefungwa vituo 14. Mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ililibeba jambo hilo na nchi nzima ikalijadili. Weka kando swali la nani alishinda na vipi. Jiulize swali dogo la mtunza stoo: aliyesaini malipo alikuwa na karatasi gani mkononi inayosema kituo cha 15 kimefungwa mtambo, na cha 16, na cha 17?

Mfano wa pili unaanzia upande mwingine. Januari 2020 Rais Magufuli alimwondoa Waziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mkataba wa Jeshi la Zimamoto na kampuni ya nje, thamani yake ikizidi shilingi trilioni moja, akisema taratibu hazikufuatwa na Bunge halikuwa limelipitisha jambo hilo. Hapo hata gunia la kwanza halijapakiwa. Shimo lilikuwa kwenye kupanga.

Na jeshi si mnunuzi tu. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT lililoanzishwa mwaka 1981, hujenga, hulinda, hulima na huuza. Kwa mkopo wa Dola milioni 40 kutoka India, wakati wa kampeni ya Kilimo Kwanza, liliuza matrekta kwa wakulima na vikundi, wengi kwa mkopo, na baadaye likahangaika kwa miaka kudai mabilioni ambayo hayajalipwa. Kuuza trekta ni siku moja. Kusimamia mkataba wa trekta lililouzwa kwa mkopo ni miaka, na kazi hiyo inahitaji mtu, leja na barua za kukumbusha.

Usidhani huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliuweka usimamizi wa mikataba wa Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo katika orodha ya maeneo hatarishi mwaka 1992. Ndiyo maana kipimo tutakachokitumia kimetoka hukohuko, kwa watu waliochoshwa na tatizo hilo.

Kipimo chenyewe

Gregory Garrett na Rene Rendon, huyu wa pili akiwa mwalimu katika chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani kilichoko Monterey, California, walichapisha mwaka 2005 kipimo cha ukomavu wa usimamizi wa mikataba. Waliazima wazo kwa watu wa programu za kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon: usiulize kama kazi ya leo imefanikiwa, uliza kama utaratibu wenu unaweza kuirudia kesho bila fulani kuwepo.

Wao wanaugawa mkataba katika hatua sita, na kila hatua inapewa ngazi yake. Hatua ni kupanga ununuzi, kuandaa zabuni, kualika wazabuni, kuchagua, kusimamia utekelezaji, na kufunga mkataba.

> NGAZI TANO
>
> 1. Kubahatisha. Kazi inategemea mtu. Akihamishwa, kazi inahama naye.
> 2. Msingi. Utaratibu upo kwa mikataba mikubwa, midogo inajiendea.
> 3. Mfumo. Utaratibu umeandikwa, unafuatwa kwa mikataba yote, na wakubwa wanautambua.
> 4. Kuungana. Ugavi, fedha, stoo na mtumiaji wa mwisho wanafanya kazi kwa taarifa moja.
> 5. Kujirekebisha. Makosa ya mkataba uliopita yanabadilisha mkataba unaofuata, na kuna karatasi inayoonyesha hivyo.

Jambo moja kuhusu jeshi. Ngazi ya kwanza inaumiza zaidi hapa kuliko kwenye halmashauri, kwa sababu uhamisho jeshini ni amri. Afande wa stoo aliyejua kila mzabuni na kila deni anaweza kupokea amri ya kwenda Ruvu na akaondoka. Kama mikataba ilikuwa kichwani mwake, imeondoka naye kwenye begi.

Kabla hujagusa jalada

> ONYO
>
> Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inafanya kuwa kosa kupata au kusambaza siri za Serikali bila ruhusa. Kama uko nje, usiombe nyaraka za ndani kwa mlango wa nyuma, usipige picha kambi, usihesabu magari wala askari. Kama uko ndani, pata idhini ya maandishi ya mkuu wako kabla ya kuanza, na karatasi zako zilale ofisini.

Baada ya onyo hilo, sasa nikutoe woga. Sheria zetu za ununuzi zimeyaruhusu majeshi kuwa na orodha mbili: ya vitu vinavyonunuliwa kwa usiri, na ya vitu vinavyonunuliwa wazi kama taasisi nyingine yoyote. Silaha na vifaa vyake viko kwenye orodha ya kwanza, na wewe huna haja navyo. Maharage, saruji, vitanda, mafuta ya kupikia, ukarabati wa choo, hivyo si siri ya mtu.

Watu wa Mara tunajua gharama ya kuchanganya orodha hizo. Mgodi wa dhahabu wa Buhemba, leo wilayani Butiama, uliendeshwa na kampuni ya Meremeta. Wabunge walipotaka maelezo ya fedha zake, Serikali ilijibu kwamba kampuni ile ilihusiana na jeshi na kwamba undani wake ni suala la usalama. Hadi leo ukikaa na wazee wa Buhemba utasikia maelezo matano tofauti ya kilichotokea, kwa sababu maelezo yenye karatasi hayakufika kwao. Neno siri likishawekwa juu ya kitu kama dhahabu, ni rahisi kulivuta lifunike na unga.

Basi hatua ya kwanza ya upimaji wako ni kuandika mpaka: nitapima mikataba ya orodha ya wazi tu. Ukikuta mkataba wa maharage umewekwa kwenye jalada la siri, usiufungue. Andika tu kwamba uko huko. Hilo peke yake ni tokeo.

Namna ya kupima, ukiwa ndani

1. Omba rejista ya mikataba. Ni orodha yenye namba ya mkataba, mzabuni, kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na msimamizi. Kama haipo, au kuna mtu anaanza kuiandaa ukiwa umesimama pale, una jibu la kwanza: hatua ya usimamizi haiwezi kuzidi ngazi ya 2, hata mengine yakiwa mazuri.

2. Chagua majalada sita mwenyewe. Mawili yaliyokwisha, mawili yanayoendelea, mawili yenye mgogoro au deni. Usikubali kuchaguliwa. Ukichaguliwa utaletewa mkataba wa maonyesho, ule ambao wageni wote huonyeshwa.

3. Pitia hatua nne za mwanzo haraka. Nasema haraka kwa sababu hapa siku hizi mfumo unakusaidia. NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, ulianza kutumika Julai 2023, na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 pamoja na kanuni zake za 2024 zimeusimika. Tangazo, maombi na tathmini vinaacha alama humo. Wewe tafuta mambo matatu tu: mahitaji yalitoka kwa nani, fedha ilikuwepo kwenye bajeti kabla ya tangazo au baada, na maelezo ya bidhaa yanapimika?

Hilo la tatu nikae nalo kidogo, maana ndilo chanzo cha ugomvi mwingi getini. Mkataba ukisema "dagaa magunia 40", umesema nini? Gunia la dagaa halina uzito mmoja. Linategemea mtu alivyoshindilia na dagaa walivyokauka. Dagaa wa mvua wana uzito wa maji. Dagaa walioanikwa mchangani wana uzito wa mchanga, na mpishi ataujua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuna lumbesa pia, gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo Wakala wa Vipimo wameipiga vita miaka yote na bado inapita. Mkataba uliokomaa unasema: dagaa wakavu, walioanikwa kwenye chanja, wasio na mchanga wala harufu ya kuoza, kilo kadhaa, wapimwe kwa mzani uliokaguliwa, mbele ya pande zote mbili. Ukikuta maelezo kama hayo, mtu aliyeyaandika aliwahi kusimama getini.

4. Fuata gunia. Hii ndiyo kazi yenyewe. Ipe nusu ya muda wako. Chukua malipo ya mwisho ya kila mkataba urudi nyuma: hati ya malipo, ankara, hati ya kupokea mali, saini za kamati ya ukaguzi na mapokezi, kitabu cha getini, leja ya stoo, oda ya ununuzi, mkataba. Linganisha namba na tarehe. Bidhaa iliyopokelewa tarehe 14 haiwezi kukaguliwa tarehe 11. Kitabu cha getini ni rafiki yako mkubwa, kwa kuwa mlinzi huandika kilichopita bila kujua mkataba unasema nini.

Kisha uliza maswali haya, na kila jibu lidai karatasi yake:

☐ Msimamizi wa mkataba ameteuliwa kwa barua, au kila mtu anadhani ni mwenzake?
☐ Aliyeagiza, aliyepokea na aliyeidhinisha malipo ni watu tofauti?
☐ Kama kulikuwa na malipo ya awali, dhamana yake ipo, na benki imethibitisha kwamba ni ya kweli?
☐ Dhamana ya utekelezaji haijaisha muda kabla ya kazi?
☐ Mabadiliko ya bei, kiasi au muda yameandikwa na kuidhinishwa, au yalikubaliwa kwa simu?
☐ Mzabuni alipochelewa, aliandikiwa? Fidia ya ucheleweshaji ilikatwa?
☐ Jeshi lilipochelewa kulipa, nani alimjulisha mzabuni?

Swali la mwisho wengi hawaliulizi. Mkataba una pande mbili, na mnunuzi asiyejua anadaiwa kiasi gani leo hajakomaa, hata kama majalada yake yana kamba nzuri.

5. Tafuta mazishi ya mkataba. Fungua yale majalada mawili yaliyokwisha. Je, kuna barua ya kufunga, hesabu ya mwisho inayoonyesha kilichoagizwa, kilichopokelewa, kilicholipwa na kilichobaki, na dhamana iliyorudishwa? Kuna karatasi hata moja inayosema tulijifunza nini kwa mzabuni huyu? Vikosi vya Marekani vilipopimwa kwa kipimo hiki, usimamizi wa utekelezaji na ufungaji wa mikataba vilitokea mara kwa mara kuwa sehemu dhaifu. Sitashangaa ukikuta hivyo kwetu: kufunga hakuna posho, hakuna hafla ya kusaini, na mwaka mpya wa fedha umeshaanza.

Lakini majalada hufufuka. Tanzania ilinunua rada ya kampuni ya BAE Systems kwa Pauni milioni 28 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikuwa mahakamani London ikikiri kutotunza vizuri kumbukumbu za malipo yake kwa mshauri wa masoko nchini kwetu, na Pauni milioni 29.5 zikarudi Tanzania kununulia vitabu vya shule. Karibu miaka kumi ilipita kati ya rada na vitabu. Kilichoulizwa mahakamani kilikuwa kumbukumbu za mahesabu.

6. Toa ngazi kwa ushahidi, na chukua ya chini. Kila hatua ipe namba yake. Usipige wastani. Kikosi chenye 4 kwenye kuchagua na 1 kwenye kusimamia hakina 2.5; kina tundu, na maharage hayavuji kwa wastani.

> MFANO WA KUBUNI: KILO 300
>
> Kambi imeingia mkataba wa maharage kilo 24,000 kwa mwaka, kilo 2,000 kila mwezi, bei Sh 2,500 kwa kilo. Kila mwezi ni Sh 5,000,000. Mwezi wa nne zinaletwa kilo 1,700. Angalia kinachofuata.
>
> Ngazi ya 1: Mtu wa stoo anaandika 1,700 kwenye daftari lake. Ankara inakuja ya 2,000. Zinalipwa Sh 5,000,000. Sh 750,000 zimepotea na hakuna aliyeiba waziwazi.
> Ngazi ya 2: Hati ya mapokezi inasema 1,700, zinalipwa Sh 4,250,000. Kilo 300 hakuna anayezidai. Jiko linapunguza kikombe.
> Ngazi ya 3: Mzabuni anaandikiwa barua siku hiyohiyo, anapewa siku za kukamilisha, kifungu cha fidia kinatajwa kwa namba.
> Ngazi ya 4: Jiko limejulishwa kabla ya mchana, mhasibu ana takwimu ileile ya stoo, na oda ya mwezi wa tano imerekebishwa.
> Ngazi ya 5: Mtu anafungua majalada ya miaka mitatu na kuona upungufu huja miezi ileile kabla ya mavuno, bei inapopanda. Mkataba mpya unabadilisha ratiba: mzigo mkubwa baada ya mavuno, mdogo wakati wa uhaba.

Makosa ya wapimaji

Kosa kubwa ni kugawa dodoso na kuamini majibu. Ukimuuliza askari mbele ya mkubwa wake, "Je, taratibu zinafuatwa?", unategemea akujibu nini? Jeshi limemfundisha kujibu ndiyo afande. Uliza badala yake, "Nionyeshe ya mwisho." Sentensi hiyo haimdhalilishi mtu na haina jibu la adabu, ama karatasi ipo au haipo.

Kosa jingine ni kuchanganya kompyuta na ukomavu. Ndizi ya kuvumbikwa ina rangi ya njano, lakini ukiimenya unakuta kiini kigumu. Kikosi kinaweza kuwa na akaunti ya NeST, malipo yakapita kwenye mfumo wa MUSE, na bado kilichoingizwa kwenye mfumo kikawa kimeandikwa na mtu ambaye hakuliona gunia.

Halafu kuna kupima watu. Ukianza kuandika majina, watu wataficha majalada, na watakuwa na haki. Andika utaratibu ulipokatika. Ukikutana na harufu ya wizi, hiyo si kazi ya kipimo hiki. Ipeleke kwa mkaguzi wa ndani au TAKUKURU kwa njia zake.

Na usitamani 5 kila mahali. Kambi inayonunua chakula, kuni na ukarabati ikishika ngazi ya 3 kwa hatua zote sita, miaka yote, bila kujali nani kahamishwa, imefanya kazi kubwa.

Ukiwa nje: mzabuni

Niliwahi kupeleka dagaa kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Aliyenipokea alichana karatasi ya daftari akaandika, "Nimepokea gunia 12," akasaini bila jina. Niliona ni ukarimu, hakunisumbua na fomu. Miezi saba baadaye nilikuwa nikizunguka na kile kipande cha karatasi ofisi kwa ofisi, na kila mmoja akiniuliza saini ile ni ya nani. Tangu hapo fomu nyingi hazinikeri.

Wewe huwezi kufungua majalada ya jeshi, ila unaweza kupima ukomavu wake kwa dalili za nje kabla hujajifunga.

1. Soma zabuni kwenye NeST. Maelezo ya bidhaa yanapimika? Ratiba ya kupeleka na muda wa kulipa vimetajwa kwa siku?
2. Zungumza na wazabuni watatu waliowahi kuuza hapo. Waulize swali moja la kweli: tangu ankara hadi fedha kuingia benki ilikuwa siku ngapi? Usiulize kama wanalipa. Wote hulipa, swali ni lini.
3. Uliza kwa adabu, "Shikamoo afande, mkataba huu msimamizi wake ni nani?" Ukipewa jina la cheo na namba ya ofisi, vizuri. Ukiambiwa "wewe leta tu mzigo, tutaelewana", hapo ndipo pa kufikiri upya.
4. Piga hesabu ya kusubiri. Kama mzigo wa mwezi ni milioni 5 na malipo huchukua miezi mitatu, unahitaji milioni 15 zako, au za benki kwa riba, kabla ya kuona shilingi ya kwanza. Bei yako ibebe hilo, au usiombe.
5. Kikundi cha wanawake, vijana, wazee au watu wenye ulemavu: sheria inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu. Jisajili kwanza, na muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako akuelekeze.

> USIONDOKE GETINI BILA:
>
> ☐ Oda ya ununuzi, LPO, iliyotolewa *kabla* ya mzigo. Usipeleke mzigo kwa simu, hata aliyepiga akiwa na nyota ngapi.
> ☐ Nakala ya hati ya kupokea mali yenye kilo, tarehe, jina kamili, cheo na saini.
> ☐ Sababu iliyoandikwa kwa kila kilo iliyokataliwa.
> ☐ Risiti ya EFD inayolingana na ankara, na ankara inayolingana na kilichopokelewa, si kilichoagizwa.
> ☐ Kumbukumbu yako mwenyewe ya saa ulipoingia na kutoka.

Ukicheleweshewa malipo, andika barua kwa afisa masuuli ukitaja namba ya mkataba, ya oda na ya hati ya mapokezi, na uambatishe nakala. Siku ya uhakiki wa madeni ya wazabuni, mwenye karatasi hizo hutangulia, na mwenye maelezo marefu ya mdomo hubaki kwenye benchi. Ugomvi wa zabuni yenyewe, kabla ya mkataba kusainiwa, una njia yake: malalamiko huanza kwa taasisi, kisha Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma. Njia hiyo ina siku za mwisho fupi, hivyo soma tarehe za tangazo la kusudio la kumpa mshindi zabuni siku unapolipata.

Kuandika matokeo

Karatasi moja inatosha. Juu weka hatua sita na ngazi ya kila moja. Chini yake, kwa hatua mbili zilizo dhaifu tu, andika: ushahidi uliokosekana, nini kifanyike, nani kwa cheo, na tarehe. "Kuimarisha usimamizi wa mikataba" si kazi ya mtu, ni hewa. "Mtunza stoo na mwakilishi wa jiko wasaini pamoja hati ya mapokezi, kuanzia mzigo wa tarehe 1" ni kazi.

Mpelekee mkuu wa kikosi mwenyewe, mapema, uso kwa uso, kabla haijasambaa. Mpe nafasi ya kukuonyesha karatasi uliyodhani haipo. Mara nyingine ipo, kwenye kabati la ofisi nyingine, na hilo nalo liandike. Fanya kipimo kati ya Aprili na Juni, kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza, kisha urudie mwaka unaofuata kwa majalada mengine sita.

Kama muda ulio nao ni wa asubuhi moja tu, chukua mkataba mmoja wa chakula uliokwisha mwaka jana, kitabu cha getini cha miezi hiyo, na hati za malipo. Kaa mezani na kalamu nyekundu, uanze na mzigo wa mwisho ukirudi nyuma.